Jeneza la Peñalba

Baa ya Ceferino,
Valdesella, Asturias.
9 Juni, 1987.

Mpendwa mdogo wangu Nicanor,

Pokea salamu za dada yako, ambaye Mama alimbatiza Olvido, yaani Usahaulifu, na tangu ubatizo ule sijasahau hata jambo moja. Hujambo? Eulalia naye hajambo? Mgongo wake umepoa, au bado anajikongoja kama ulivyoniandikia wakati wa Pasaka? Rosaura na Gaspar natumai wanakula na wanasoma. Sisi huku tu wazima, isipokuwa Shangazi Sabina, masikio yamemwishia na ulimi umebaki. Mvua imenyesha mwezi mzima, maharage yameoza shambani.

Najua utasema dada haandiki mpaka awe na jambo. Ni kweli, nina jambo, na linanichoma.

Unaukumbuka mwaka timu yetu iliposhuka daraja, ingawa hukuwapo. Jirani zetu wa Peñalba walivuka mto wamebeba jeneza lililopakwa rangi zetu, bluu na nyeupe. Mbele yao alikuwa Evelio, yule mwenye kiwanda cha jibini, amevaa kanzu ya padri, ananyunyiza mvinyo wa matufaha kama maji ya baraka. Huo ni utani, sawa, hata sisi tungeufanya. Lakini walikuja kusimama chini ya dirisha la Baba. Walijua yumo kitandani. Walijua alikuwa golikipa wetu kabla nusu yao hawajazaliwa. Evelio akapaza sauti: "Mzee Ceferino, shuka uje uzike maiti wenu!" Wakacheka hadi wakashika mbavu. Baba akaniomba nifunge dirisha, kisha akageukia ukutani.

Alikufa kabla matufaha hayajaiva. Sisemi Evelio alimwua. Ugonjwa ulikuwa wake mwenyewe. Nasema ameondoka duniani na kicheko kile masikioni, na hilo simsamehe mtu. Padri wa kweli amenisihi nisamehe, nikamwambia yeye aendelee na misa yake.

Tangu hapo hakuna mtu wa Peñalba aliyeonja tone katika baa yetu. Waliingia, wakaketi, wakangoja, wakaondoka na kiu yao.

Sasa sikia ya mwaka huu. Ligi ilipofika mwisho sisi, tuliokwisha kupanda daraja tena, tulikuwa tumeshajiokoa, na Peñalba walikuwa wananing'inia. Jumamosi wakafungwa mchezo wao wa mwisho. Jumapili sisi tulikuwa na La Caleya, hapa nyumbani. La Caleya wakitufunga, Peñalba wanashuka. Tukitoka sare tu, wamepona. Umeona, mdogo wangu? Ilitutosha kufungwa! Na golini kwetu anasimama nani? Telmo, mpwa wako, mwanangu mimi.

Sikumficha nia yangu. Nilimpakulia maharage na soseji, nikamwambia, "Mwanangu, kesho mikono yako iwe na mafuta." Akala, hakujibu. Mimi nikahesabu kimya chake kuwa ndiyo. Utasema huyo ni mama gani. Ni mama aliyefunga dirisha lile.

Belarmino seremala naye alikuwa ameshamaliza kazi. Alitengeneza jeneza la mbao nzuri ya mchestinati, akalipaka njano, rangi ya Peñalba, akalitia vishikio vya shaba. Tulilificha nyuma ya mapipa yangu. Wapiga zumari walikuwa tayari, na mimi nilikuwa nimeshachagua dirisha la kusimama chini yake. La Evelio, bila shaka.

Siku yenyewe uwanja ulijaa pomoni. Sijui nikuelezeje: Valdesella nzima ilikuwa inashangilia La Caleya. Mchezaji wetu akipoteza mpira, anapigiwa makofi. Shangazi Sabina alikuwa akipayuka, "Waacheni wapite, waacheni wapite!" Mabeki wetu nao waliielewa lugha, walikuwa wanakimbia kama wamevaa viatu vya ubao. Ni Telmo peke yake aliyekuwa anaruka. Akidaka, tunamzomea. Akipangua, tunamzomea zaidi. Belarmino akamfokea kutoka nyuma ya goli, "Wewe mtoto, babu yako anakutazama!" Telmo akamjibu bila kugeuka, "Ndiyo maana nadaka!"

Bila kwa bila, dakika za mwisho, refa akawapa La Caleya penalti. Watu wakakumbatiana. Jeneza likatolewa, likawekwa nyuma ya nyavu, zumari zikaanza kulia. Telmo aligeuka akalitazama. Kisha mpigaji akapiga, naye akaruka kushoto, akaupangua mpira ukatoka nje.

Papo hapo ikawa mvua ya machungwa na mito ya kukalia. Nami nikasimama, nikatia vidole mdomoni, nikampigia mluzi mwanangu wa kumzaa. Moyo wangu uliuma hivyo, Nicanor. Nilimwona Baba anageukia ukutani mara ya pili.

Nyumbani sikumsemesha. Sahani naiweka mezani, naondoka. Mwishowe yeye ndiye aliyeanza, tukiwa tunaosha glasi.

"Mama, ulitaka washuke?"

"Nilitaka wazikwe."

"Wazikwe na La Caleya? Wakishuka mwakani sitakutana nao. Watakwenda kucheza huko mabondeni, na watu wasahau. Babu hakutukanwa na La Caleya, hata wao ndio wanizikie adui zake. Mimi nataka Peñalba waje hapa, waingie uwanjani kwetu, wapige mpaka wachoke na nisiwape hata goli moja la kufutia machozi. Halafu twende kwao tukafanye vilevile. Mwaka huu, na mwaka ujao, na mwingine. Kuzikwa ni mara moja tu, Mama."

Alisema hayo kwa upole, anafuta glasi. Nilimtazama vizuri. Nilidhani nimezaa mtakatifu, kumbe nimezaa mwanangu.

Na jana, usiniulize walipata wapi uso, wakaja wanaume wa Peñalba kwenye baa. Evelio alitangulia, kofia mkononi na jibini zima kwapani. Wacheza karata wakaziweka karata chini. Evelio akasema, "Bi Olvido, bila Telmo tungekuwa kaburini. Tumekuja kushukuru." Belarmino alikuwa ameshanyanyuka kwenye kiti, anangoja ishara yangu tu.

Nikachukua chupa. Nikanyoosha mkono juu ya kichwa, nikaumimina mvinyo kwenye glasi iliyo chini kiunoni, halikumwagika tone. Nikampa Evelio kwanza, kisha glasi ileile moja ikawazunguka wenzake, kama ada yetu ilivyo. Nikamwuliza hali ya moyo wake, maana ana presha. Nikamwonya apunguze chumvi, asipande ngazi za kiwandani mbiombio. Akanitazama machozi yakimlengalenga, akasema hakujua kama nina roho nzuri kiasi hicho. Nikamjazia tena.

Shangazi Sabina anakusalimu, na anauliza kama huko Mexico wana kabichi. Belarmino anakusalimu pia, bado amenuna. Telmo anasema ukipata nafasi uje Novemba, ndipo Peñalba watakapokuja kwetu, na amekuwekea kiti nyuma ya goli lake. Nisalimie sana Eulalia na wanao, na kila mtu wa Valdesella unayekutana naye huko Puebla.

Mungu awape afya na umri mrefu. Usiku nikipiga magoti nawaombea ninyi kwanza, halafu namwombea Evelio kwa jina lake, asiugue, asianguke, afike Novemba akiwa mzima.

Dada yako akupendaye,
Olvido