Chakula cha Mavyaa na Kiungulia Changu

Mama,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kuanza bila ya kukuamkia. Nina mimba. Nilitaka hiyo ndiyo iwe habari yangu ya kwanza kwako, na ingekuwa ya furaha kama si aibu niliyojitia hapa Likoni, ukweni kwangu.

Ni kiungulia, mama. Moto unatoka tumboni, unapanda kifuani mpaka kooni, na mdomo unajaa maji makali. Wanawake wa mtaani wanacheka, wanasema mtoto ana nywele nyingi. Nawe ulisema hivyo hivyo ulipokuwa na mimba ya mdogo wangu Salimu, na Salimu akazaliwa na kichwa kama yai.

Mume wangu Athumani akitoka kazini bandarini hupitia kwanza mikutano yao ya uhuru, kisha ndipo avuke feri. Na hapa mke hatangulii kula kabla ya mumewe. Basi nikawa nashinda na njaa, halafu nala kwa pupa, halafu nalala papo hapo. Chakula chenyewe apika mavyaa, mamake Athumani, maana tangu apate habari ya mimba hataki nishike mwiko. Viazi vya nazi, samaki wa kukaanga, pilipili na ndimu tele. Kitamu, wallahi. Ila kila tonge nililililia kitandani.

Ulinifunza kwamba ukweni sahani hairudishwi. "Kula hata kama umeshiba," ulisema. Nikaona haya kumwambia. Nikawa nachukua sahani yangu nyuma ya jiko, nawamwagia kuku, narudi nalamba vidole nikisema alhamdulillahi, nimeshiba. Mimi, mwanao, uliyekuwa ukinisifu kwa watu kuwa sijui uongo.

Mwezi uliopita mavyaa akanikuta. Hakupiga kelele. Alisimama akawatazama kuku wake wakigombania kichwa cha samaki alichoniwekea mimi, kisha akaniuliza polepole, "Mwanangu, waniogopa mimi? Wadhani nimekutilia kitu?"

Mama, ardhi ingepasuka ningeingia. Wajua uzito wa neno hilo huku kwetu. Ni mjane, mkaza mwanawe ana mimba, na chakula chake chatupwa kwa siri. Jirani mmoja akijua, mtaa mzima utamwita mchawi. Nilimshika miguu nikamweleza yote huku nalia, kifua, koo, usiku kucha nimekaa kitako.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kiungulia tu? Na ulimi ulikuwa wapi?" Siku ile ile akamwambia Athumani kwamba mimi nitakula mapema, nisimngoje mtu. Sasa nala kidogo kidogo, mara nyingi, bila pilipili wala ndimu. Nikisha kula nakaa, au nazunguka uani, mpaka chakula kishuke. Siinami kufua wakati huo, na leso siikazi tumboni. Kitanda amekiinua kwa matofali upande wa kichwani. Moto umepungua sana. Chai kali tu ndiyo imenishinda kuiacha.

Lakini tangu siku ile, kila akiniletea bakuli, huchota kijiko kimoja kwanza, akala mbele yangu, nikimtazama, kisha ndipo hunipa. Hata uji. Hata maji ya kunywa. Nami nainamisha kichwa nikingoja ameze, kama mtu aliyemtuhumu kweli. Nikimwomba aache, hutabasamu akasema, "Kula, mwanangu, moyo wako utulie."

Hautulii, mama. Naona aibu kumtazama usoni. Nimemvunjia heshima mama wa watu kwa sababu ya kuona haya kusema naumwa, na yeye ndiye anayejitakasa kila siku kwa kosa asilolifanya.

Mungu akulaze pema. Kesho asubuhi akija na uji, nakuahidi, nitaupokea mlangoni kwa mikono miwili kabla hajashika kijiko. Nitaunywa wote mbele yake, hata ukiniunguza kifua mpaka jioni.

Mwanao,
Mwanaisha