Sajini Ametoka Kuota Joto

Baba Nekesa,

Nimechoka. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwa kiti chako hapa Kitale, miguu imefura tangu tukuzike kule kwenu Malakisi, na mbele yangu kuna joka kwa kizimba cha kioo. Lako, si langu. Wanawake wengine wakifiwa wanaachiwa ng'ombe. Mimi bwana yangu ameniachia chatu.

Wacha nikuambie yaliyompata huyu chatu wako, Sajini, maana najua ungeanza kumuulizia yeye kabla yangu. Tulipoenda mazishi, funguo nilimwachia jirani, Mama Chebet. Katikati ya matanga, tokeni za stima zikaisha. Nani angekumbuka kununua? Balbu yake ya joto ikazima, na wewe unaijua baridi ya Kitale mwezi wa saba. Mama Chebet naye akamhurumia. Ati nyumba ya matanga hakuna anayelala njaa, na si hata huyu amefiwa? Akamtupia kuku mzima, mnono, katika wale walioletwa na watu wa kanisa.

Najua umeshika kichwa. Si ulituimbia kila siku? "Nyoka hana moto wake mwenyewe, anaazima. Akiwa baridi usimlishe, chakula kitamwozea tumboni." Ndivyo ilivyokuwa. Tuliporudi, kuku alikuwa ametapikwa pamoja na manyoya yake yote, nyumba inanuka mpaka barabarani. Sajini alikuwa amejikunja ndani ya sanduku lake la kujificha, nikimgusa kwa ufagio hashtuki.

Ndugu yako Wekesa, aliyenisindikiza, akasema mnyama amekataa chakula cha nyumba hii kwa sababu mwenyewe hayuko, na asipouawa atachukua mtu mwingine. Akaulizia panga. Mimi, niliyekuwa nikipita chumba hiki mbio mbio kwa kumwogopa, nilisimama mlangoni na ufagio! Nikamwambia, shemeji, huyu hana laana, ana baridi. Alikasirika, akarudi Bungoma bila kunywa chai. Alisema atakuja tena kabla ya siku ya kunyoana nywele za matanga, na akimkuta bado amelala hivyo, atammaliza. Wazee wenu wako upande wake.

Basi nikashika kazi yako. Tokeni nikanunua. Balbu nikaiwasha upande mmoja, juu ya matofali, upande wa pili nikauacha poa, vile ulikuwa unasema: "Mpe pa kukimbilia, atachagua mwenyewe." Hicho kipimajoto nimekitazama mpaka macho yananiuma, thelathini na mbili kwa matofali, ishirini na sita huko kwa sanduku. Chakula sikumpa, tumbo lipone kwanza. Kila asubuhi nilichungulia na kila asubuhi hakuna kitu, hajasogea hata kidogo. Nilimtukana, nikalia, nikamtukana tena. Sikuwa namlilia nyoka, unajua. Ulienda haraka ya nini, bana? Tulikuwa tumeanza tu kupumzika.

Leo nimeingia na kikombe changu cha chai, nikamkuta juu ya matofali. Amejinyoosha chini ya balbu, kichwa amekilaza, anaota joto kama mzee aliyemaliza palizi. Nikafungua, nikapitisha mkono chini ya tumbo lake, vile ulikuwa unafanya. Mimi! Mkono wangu! Alikuwa moto, Baba Nekesa. Tangu tukuzike sijashika kiumbe chenye joto ndani ya nyumba hii, kitanda chenyewe ni barafu. Niliuacha mkono pale mpaka chai ikapoa.

Kwa hivyo Wekesa aje tu. Atamwona kwa macho yake, na akitaka kubishana, tutabishana, nguvu kidogo bado ninazo. Kibali chako cha kufuga nyoka nitaomba kiandikwe jina langu. Watu wa soko watacheka, wacha wacheke.

Nekesa ananipigia simu kutoka chuoni Kibabii kuniuliza kama nimekula, nami namdanganya. Ukweli ni kwamba naonja, halafu nasukuma sahani.

Sasa pumzika, wewe uliyekuwa hulali kabla ya kuitazama hiyo balbu. Nitaitazama mimi. Tumbo lake likitulia nitampa panya mdogo, si kuku. Na siku atakayokula, nami nitajisongea ugali, nikae kwa meza, nile mpaka nimalize. Hiyo nakuahidi.

Mkeo,
Mama Nekesa