Saa Haikuwa Inakupongeza, Papa

Papa yangu,

Tangu jana nakosea kila kitu. Asubuhi nimetia chumvi kwenye chai ya mama, naye akainywa bila kuuliza kitu. Nakuandikia kwa sababu ya ile saa yako ya kuogelea, na kwa sababu hakuna mwingine ninayeweza kuanza naye.

Unakumbuka ilivyofika? Kaka Bahati aliituma kutoka Australia, ikapita mikono ya watu watatu, ikavuka mpaka kutoka Bujumbura imefichwa ndani ya soksi. Ukaivaa mkono wa kulia, ukisema wa kushoto ndio wako wa kazi. Wewe fundi wa mashine za mitumbwi, uliyenifundisha kuogelea kwa kuniinua tumbo na kiganja kimoja, sasa ulikuwa na kitu cha kukuhesabia. Tulikwenda kutoka ukuta wa ile nyumba iliyomezwa na ziwa hapa Kimanga hadi mchikichi wa mwisho, kisha tukarudi. Mimi ndiye niliyekubonyezea vitufe vyake, maana vidole vyako vilizoea spana. Saa ilipoonyesha mita chache kuliko zile ulizojisifia miaka yote, ulisema saa ni mgeni, haijalijua ziwa. Nilicheka hadi maji yakaniingia puani.

Halafu ikaja ile asubuhi. Ulikuwa umekaa juu ya mawe, unapumzika, saa ikatetemeka. Ukaninyooshea mkono.

"Mutoto wangu, inasema nini? Weye ulisoma."

Ilikuwa Kiingereza. Papa, mimi nilisoma Kifaransa. Kile Kiingereza cha miezi miwili nilichofuata Bujumbura kiliishia kwenye salamu, lakini nyumbani sikumwambia mtu. Kwetu mtoto aliyesoma husoma kila kitu: karatasi za dawa, maandishi ya gunia la mbolea, barua za parokia. Nikaona aibu. Niliona moyo mwekundu na mistari miwili ya maneno, nikakuangalia usoni, nikasema, "Inakupongeza, Papa. Inasema moyo wako iko na nguvu."

Ulifurahi kweli. Uliwaonyesha hadi wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Ikawa kila inapotetemeka huniulizi tena, unatabasamu tu na kurudi majini.

Jana nilitaka kuitumia mimi, kwa mazoezi na wenzangu wanne wa kwaya ninaowafundisha kuogelea. Bahati alinitumia namba ya siri, nikaiunganisha na simu, nikachagua Kifaransa. Ikamwaga kila kitu ilichokuwa imehifadhi. Kwanza umbali wako. Nikaona kwamba miezi ile ya mwisho, siku nilizokuwa kazini, ulikuwa unasimama majini kila baada ya muda mfupi, na hukuniambia. Kisha maonyo, moja chini ya jingine, yote ya aina moja: moyo wako unapiga kasi kupita kiasi ingawa umetulia, muone daktari. La kwanza lilikuwa la asubuhi ile ile uliponinyooshea mkono. Nilikuwa nimetoka majini kidogo tu kuiunganisha; niliyasoma yote hadi la mwisho, kisha nikawaambia wenzangu watoke majini.

Ni mimi, Papa. Uliniuliza mimi.

Na si wewe tu niliyekuumiza. Asubuhi ulipoanguka ufukweni ukafa, watu hawakukubali. Kilioni shangazi alisema mwanaume mwenye nguvu kama wewe hafi hivi hivi, kuna mkono wa mtu. Jioni iliyotangulia ulikuwa umekula samaki wa mukeke kwa Papa Sadiki, rafiki yako tangu ujana. Basi, wakasema ni karuho, ile sumu ambayo huku kwetu hulaumiwa kila mtu anapokufa ghafla. Tangu hapo ni miezi saba. Hakuna anayekula kwake. Mama haitikii salamu yake. Mke wake akipanga samaki sokoni, watu wetu wanampita. Mimi pia nilimpita, tena nikatema mate chini.

Jana hiyo hiyo nilikwenda kwa Papa Sadiki, nguo zikiwa bado zinachuruzika. Alikuwa anashona wavu. Nilimwonyesha simu, nikamwambia yote, pamoja na uongo wangu. Nilidhani atapiga kelele. Hakushtuka hata kidogo. Alisema alikuona mara mbili umeshika kifua, akakusihi uende hospitali.

"Minye nilimwambia," alisema. "Akanijibu, binti yangu amesoma, na saa imesema moyo iko nguvu."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuyasema hayo kilioni, shangazi alipomnyooshea kidole mbele ya watu wote. Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Ningesema, weye ungeishi namna gani?"

Alijua, Papa. Miezi saba mzee huyu amebeba jina la mchawi ili mimi nisibebe langu, na mimi nilikuwa namtemea mate. Nimekaa na jambo hili tangu jana na bado haliniingii akilini. Nimekulilia upya, na safari hii sina wa kumlaumu ila mimi.

Jumapili baada ya misa ukoo wote utakuja nyumbani. Nitasimama mbele ya mama na shangazi, nitasoma maneno ya saa jinsi yalivyo, kisha nitasema nilivyokusomea. Naogopa. Mama akinifukuza, sitabishana naye. Lakini Papa Sadiki atakuwepo, na nimemwomba mke wake apike mukeke, aulete kwetu. Sahani ikiwekwa mezani, wote wataitazama. Mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Pumzika, Papa. Nisamehe kama huko mnasamehe.

Ni mimi,
binti yako