Kwa Dada Apiyo, Kuhusu Kamusi na Kanuni ya Tano

Mpendwa dada Apiyo,

Barua hii haina bahasha. Leo saa kumi, baada ya kipindi cha mwisho, nitaisoma maktabani mbele ya wote watano waliobaki chamani. Baba yako akipita hapa Rongo Jumatano, nitampa akuletee huko Lambwe. Ulihukumiwa mbele ya watu, kwa hiyo sioni haki nikikuandikia kwa siri. Mwalimu wa maktaba naye atakuwepo, na yeye hajui mchezo wetu, basi nivumilie nikieleza mambo unayoyajua kuliko mimi.

Mchezo uliuleta wewe. Ulipokuja kukaa kwetu, wewe mtoto wa shangazi yangu, ili usome shule yetu, ulikuwa na daftari lenye ramani ya nchi uliyoibuni mwenyewe: ziwa, visiwa, bonde la swala wenye pembe za fedha, na chama cha wachawi waliolilinda bonde hilo. Kila mmoja wetu alipata mchawi wake na ukurasa wake. Wako alikuwa Min Koth, Mama Mvua. Wangu alikuwa mtunza vitabu, na Wambura alicheka mpaka akakohoa. "Ai, hata kwa mchezo bado unasoma tu?" Kwenye jalada tuliandika Chama cha Wenye Fimbo. "Tukiandika wachawi," uliniambia, "mama yako atalichoma kabla hajafika ukurasa wa pili."

Kabla hatujacheza hata siku moja, ulitukalisha tuandike kanuni za mwenendo. Mimi nilikuwa karani, nikazinakili kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, zote kumi na moja. Nguvu zisitumiwe dhidi ya mvuvi au mkulima asiye na fimbo. Aliyeumia asiachwe njiani. Kitabu cha bahati kisitoke maktabani. Ya tano ndiyo iliyoleta ubishi: kosa la mwenzako usilitaje, mpe nafasi alitaje mwenyewe. Brayo, mkuu wetu wa chama, hakuitaka.

"Na asipolitaja je?"

"Atalitaja," ulisema. "Sisi si polisi, Brayo."

Kitabu cha bahati kilikuwa ile kamusi nene ya maktaba. Hatukuwa na dadu. Mtu akitaka kujua kama uchawi wake umefaulu, alifumba macho, akafungua kamusi, akasoma tarakimu ya katikati ya namba ya ukurasa wa kulia. Sifuri ni balaa, tisa ni ushindi mkubwa. Wengi wetu tulipenyeza kidole gumba popote. Wewe ulikataa, ukasema kidole kinaweza kujifunza njia. Uliisimamisha kamusi kwa mgongo wake mezani, ukaiachia ifunguke yenyewe. Hakuna aliyecheza kwa haki kama wewe, na hicho ndicho kilichokuangusha.

Sasa nafika mahali ambapo nimeandika na kufuta mara nne.

Ijumaa ile kabla ya kesi, niliichukua kamusi nikaenda nayo nyumbani. Hakuna aliyeniona. Nilitaka tu kuisoma. Unajua ninavyosoma kamusi kama watu wanavyosoma hadithi. Mvua ikanikuta njiani, na mfuko wangu una tundu. Nilipofika, kurasa za katikati zilikuwa zimelowa. Niliogopa zikauke zikiwa zimejikunja, kwa hiyo nikaifungua kamusi hapo hapo katikati, nikailaza kifudifudi kwenye meza ya chumbani kwetu, nikaweka juu yake pasi ya makaa ya mama, ile nzito. Ilikaa hivyo mpaka Jumapili. Wewe ndiye uliyeingia kuitafuta pasi unyooshe sare. Uliinyanyua, ukasikiliza mgongo wa kamusi ukilia, ukaniangalia.

"Hii utaiua," ulisema. Basi.

Jumatatu asubuhi niliirudisha kwenye rafu kabla ya kengele.

Jumanne ndiyo siku tuliyofika kwenye lango la bonde. Watu wetu wote walikuwa wamejeruhiwa, na mtunza vitabu wangu alikuwa amebakiwa na pumzi moja. Zamu ilikuwa ya Min Koth. Uliisimamisha kamusi, ukaiachia. Ukurasa wa 393. Tisa! Tulipiga kelele mpaka mwalimu akagonga dirisha. Ukarudia kwa lango la pili. 393. Hapo kelele zilipungua. Mara ya tatu ilifunguka 393 tena.

"Tisa tatu, ukurasa mmoja?" Brayo aliichukua kamusi, akapitisha kidole kwenye mgongo wake. "Imevunjwa. Angalieni. Mtu ameivunja hapa."

"Na ni mmoja tu anayeiachia ianguke," Wambura akasema. Safari hii hakuwa anacheka.

"Sijaivunja," ulisema.

Brayo alifuata kanuni, siwezi kumlaumu kwa hilo. Aliuliza, "Nani?" kisha akanyamaza, kwa sababu kanuni ya tano inampa mwenye kosa muda wa kujitaja. Ni wewe uliyetaka tusubiri mpaka kengele.

Dada, ile ilikuwa robo saa. Nakumbuka nzi aliyekuwa akitembea juu ya ramani. Nakumbuka uliniangalia mara moja tu, bila hasira, kama mtu anayemshikia mwingine mlango. Ulijua. Wewe peke yako ulijua, na sentensi moja tu ingekutoa. Uliniachia hiyo sentensi niiseme mimi. Nilifungua mdomo. Nilikuwa karani, ndiye niliyeandika kwa mkono wangu kwamba kitabu kisitoke. Nilifikiria nyuso zao zikinigeukia zote kwa pamoja, nikaufunga tena mdomo. Kengele ikalia.

Walipiga kura, ukatolewa chamani. Mimi sikuinua mkono upande wowote, na kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba hilo lilikuwa jambo jema. Kisha Brayo akanisukumia daftari, maana kung'oa ukurasa ni kazi ya karani. Niliung'oa ukurasa wa Min Koth mbele yako. Ulisema, "Taratibu, usipasue ramani."

Nyumbani tulilala kitanda kimoja kama kawaida. Ulinisaidia hesabu. Hukunigusia jambo hilo hata siku moja, nami kila siku nilijiambia kesho. Shuleni walianza kukuita Mama Tisa. Ulipita uwanjani na mtu akahesabu kwa sauti, "Tisa, tisa, tisa!" hata wasiojua mchezo. Muhula ulipoisha ulimwambia baba yako unataka shule ya karibu na nyumbani. Mama yangu alisikitika. "Kwani tumemkosea nini huyu mtoto?" aliniuliza tukiwa jikoni. Nilikuwa nachambua mboga. Niliendelea kuchambua.

Kwa hiyo nasema sasa, na walio maktabani wasikie: kamusi niliitoa mimi. Mgongo niliuvunja mimi. Dada Apiyo hakudanganya, na alijua ni nani aliyevunja, akanyamaza kwa sababu aliamini kanuni aliyoiandika. Mimi niliijua kanuni hiyo kwa moyo na sikuitii. Brayo, ukimaliza kusikiliza, ufanye unachotakiwa kufanya. Daftari liko mezani. Sitajitetea.

Nimeacha nafasi hapa ili nimalizie nikitoka.

Nimetoka. Nilianza kwa sauti ndogo na Wambura akasema, "Hatusikii, anza tena," basi nikaanza tena tangu juu. Nilipofika kwenye pasi, Brayo alifunika uso kwa mikono. Hakuna aliyenipigia kelele. Nimetolewa chamani, kwa kura zote tano, na Brayo ameandika kwenye daftari kwamba wewe hukuwa na kosa. Wambura anasema yeye ndiye aliyeanzisha lile jina la Mama Tisa na atawaambia darasani. Sijui kama atafanya hivyo. Nimekuandikia tu alichosema.

Mama nimemwambia pia. Jumapili baada ya kanisa anakuja kwenu, na nimemwomba anibebe. Kama hutaki kuniona, kaa ndani. Nitamsalimia shangazi, nitakunywa chai, nitarudi zangu bila kuuliza uko wapi. Lakini ukitoka, nakuomba kitu kimoja. Usiniambie haina shida. Ilikuwa na shida, dada. Niambie ilivyokuuma, yote, na mimi nitakaa nisikilize mpaka umalize.

Ni mimi, mdogo wako wa Rongo.