Kilichokufa Gawaneni

Baba Rehema, mume wangu uliyenitangulia,

Nimekukaidi. Nakwambia mapema usije ukasikia kwa watu. Ulisema ukiwa kitandani, sauti imebaki nusu, "Nikiondoka, lile tumbawe libwage, Mama Rehema. Usije ukalitumikia." Nikaitikia kwa kichwa kwa sababu mgonjwa habishiwi. Sasa umeshazikwa, na mimi nabisha.

Unakumbuka lilivyofika? Ile hoteli ya Dar ulikokuwa fundi umeme ilipofungwa, wenzako waligombea majokofu na magodoro. Wewe ukaomba tanki la samaki la mapokezi, na lile tumbawe, kijiwe cha kijani kilichokuwa kinaishi ndani yake. Lori likaharibika Kintinku, jua limesimama utosini, ukavua shati ukaifunika ndoo uliyolibebea, ukakaa kifua wazi kando ya barabara ukiipepea kwa kofia. Ulifika hapa Singida mabega yamekubabuka. Nikakuuliza umeniletea nini. "Bahari," ukasema. Nikachungulia kwenye ndoo nikaona jiwe, nikanuna mpaka chakula cha jioni.

Sikulipenda, na hilo unalijua. Chumvi yake ilikuja kwa basi kutoka Dar. Upepo wa Juni ulipoanza kutuchapa, lenyewe lilikuwa na kifaa chake cha kupasha maji joto, mimi nina khanga mbili. Nikakwambia umeoa mke wa pili na hata ugali hapiki. Ulicheka mpaka ukapaliwa. Halafu ukanishika mkono, ukavuta unga wa dagaa kwa sirinji, ukaudondosha juu yake taratibu, na lile jiwe likafumbua mdomo likameza. "Unaona? Huyu ni mfugo, kama kuku wako tu."

Ulipofariki, mimi nilikuwa ndani nimekalishwa mkekani na wafiwa. Dada yako Zaina akaona maji ya tanki yamepungua, akachukua ndoo akaenda kuchota ziwani Singidani. "Si la chumvi? Chumvi ni chumvi," alisema, na nani angembishia, mtoto aliyekulia kando ya ziwa. Wewe ulikuwa ukiongeza maji ya mvua, kwa kuwa jua hukausha maji tu, chumvi inabaki. Na chumvi ya ziwa letu si ya bahari. Ilipofika arobaini yako, wale samaki wako wawili walikuwa wameshaelea, na tumbawe lilikuwa jeupe upande mmoja, nyama inachunika. Sikumgombeza wifi. Alililia tumbawe kuliko alivyokulilia wewe.

Kikafuata kikao cha ukoo. Unaijua kanuni ya wazee wenu: marehemu akiacha mifugo, inabaki kwa mjane ilishe nyumba, vitu vingine ndugu wanagawana. Koti lako limekwenda, baiskeli imekwenda, nami nimewaachia kwa adabu zangu zote. Wakafika kwenye tanki. Mdogo wako Selemani alikuwa ameshalipima kwa macho siku nyingi: mkewe anauza maandazi, na kioo kile kingekuwa kabati safi.

Nikasema, "Hicho si kitu. Kina mfugo ndani, anafumbua mdomo na kula."

Walicheka, Baba Rehema. Walicheka kwenye arobaini yako. Baba yako mkubwa, mwenye kikao, akajifuta macho, akasema kwa upole, "Haya, mwanangu, tuseme ni mfugo. Si unamwona anakufa? Mfugo akianza kukata roho sisi tunamuwahi kwa kisu." Akanipa mpaka Jumamosi: likiwa hai libaki, likiwa limekufa kioo achukue Selemani.

Usidhani niliondoka pale shujaa. Jumatano nilizima pampu. Nilisema life, umeme wenyewe unakatika kila mara, na mwenye jiwe kaniruhusu. Nikaenda kusonga ugali. Nyumba ikawa kimya sana, nikajua kwamba ule mvumo wa pampu ndio niliokuwa nikilalia miaka yote, mimi niliyekuwa nikiulalamikia. Nikaiwasha tena. Nikadondosha dagaa upande uliobaki kijani, nikasubiri mpaka ugali ukaungua. Mdomo ukafumbuka.

Nililia, lakini kwa hasira. Tangu uondoke naambiwa acha. Acha kulia, acha kuhangaika na nyumba kubwa, rudi kwenu Misigiri ukapumzike. Kila changu kinasemwa kimekwisha na watu ambao hawajakichungulia. Nikasema hiki, hapana.

Jumamosi wakaja, Selemani na mkokoteni kabisa. Nikamwamkia baba mkubwa shikamoo, nikampa kiti. Kisha nikalitoa tumbawe, nikaliweka juu ya ubao wa kukatia nyama, nikachukua msumeno wako wa chuma. Uliwahi kunielekeza: unakata kwa kuingia kidogo upande wenye uzima, na huonei huruma. Nikakata. Ulikuwa mlio wa kukata mfupa, ute unachuruzika mpaka kwenye viwiko, na safari hii hakuna aliyecheka. Kipande cha kijani, si kikubwa kuliko limau, nikakirudisha majini. Ule upande mweupe nikaufunga kwenye gazeti, nikampa Selemani kwa mikono miwili.

"Shemeji, kilichokufa hiki hapa. Gawaneni."

Selemani akamgeukia baba mkubwa. Baba mkubwa akanyanyuka, akasogeza uso kwenye kioo mpaka kikaingia ukungu wa pumzi yake. "Mbona halifumbui mdomo?" akauliza. Nikamwambia lina kidonda, baba, leo haliwezi kula. Mzee yule aliyezeeka na ng'ombe akasema, "Mwenye kidonda halazimishwi. Mwache atulie." Akamwambia Selemani ageuze mkokoteni.

Huenda bado litakufa. Likifa litafia kwangu, limeshiba, taa inawaka, na kuhusu kioo tutaanza kubishana upya. Chumvi nimeshaagiza. Zaina ndiye ameomba aende kuipokea stendi, na nimemkubalia.

Ulisema nisilitumikie, mume wangu. Silitumikii. Nalifuga.

Pumzika, na ukinuna, nuna hukohuko.

Mkeo mbishi,
Mama Rehema