Umekula Mbegu, Zakaria

Ikola, mwanzo wa mvua

Mdogo wangu Zakaria,

Pokea salamu za dada yako. Mpe mama shikamoo yangu sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma, maana mbele kuna maneno yatakayokukata hamu ya kumsalimia mtu. Miguu yake inaendeleaje? Watoto je? Mimi nipo. Mgongo unauma kwa kuinama kugeuza dagaa mchangani, lakini nakula na nalala.

Sasa wewe. Mama Roza, yule anayenunua dagaa kwangu kupeleka Mpanda mjini, alipita hapo nyumbani Kasokola kuwasalimia kama nilivyomwomba. Alitazama juu ya meko, pale mama anapotundika mahindi ya mbegu yapate moshi, akakuta kamba tupu. Akauliza. Wifi akainamisha kichwa. Mama ndiye aliyesema kwamba umeyateremsha yote, yakapikwa kande, mkala na wanamaombi wenzako, kwa sababu mhubiri wenu amesema dunia haifiki mavuno.

Zakaria! Mbegu! Hata mwaka ule wa njaa, tulipokula mizizi ya porini, baba hakuigusa kamba ile. Tulilia tukiitazama, akatuambia tutazame pengine. Leo hakuna njaa, mvua imeanza, majirani wote wako shambani, na wewe umekaa barazani unasubiri parapanda.

Na huyo mhubiri wako, Mama Roza anasema anaezeka nyumba kwa bati jipya. Anayejua dunia inaisha anaezeka bati la nini? Ulimuuliza, au mdomo ulikuwa umejaa kande?

Usidhani siijui hofu yako. Tangu utotoni, radi ikipiga ulikuwa wa kwanza chini ya kitanda. Najua unakaa na redio kila jioni, Burundi, Rwanda, Zaire, betri zinaisha na wewe bado unatetemeka. Mimi sihitaji redio. Wanaokimbia vita wanashukia hapa hapa, mbele ya dagaa wangu, wengine bila viatu, wengine bila watoto waliotoka nao. Naogopa, mdogo wangu. Kuna siku nageuza dagaa huku nalia. Lakini naomba nikiwa nimeinama, mikono ikifanya kazi, na Mungu ananisikia hivyo hivyo. Hajawahi kuniambia niache dagaa waoze ndipo ajue namwamini. Nani amekudanganya kwamba imani ni kumnyima mama yako chakula cha mwakani? Hilo ndilo linalonichoma: umemtia mama njaa, halafu umemsingizia Mungu.

Mama Roza atawaletea mahindi mengine ya mbegu. Nimemwagiza amkabidhi mama mkononi, si wewe.

Msalimie wifi yangu Agnesi, mwambie siku nyingine asiinamishe kichwa, apige kelele majirani waje. Msalimie na baba mdogo Petro, mzee wa kanisa. Bado najiuliza yeye alikuwa wapi kande ikipikwa.

Kwenye mzigo huo utakuta kitambaa chenye maharage. Ni ya mama mmoja aliyevuka ziwa kwa mtumbwi kutoka Zaire, nakaa naye hapa kwangu. Alifika na kitenge alichovaa tu, maharage haya yamefungwa kwenye pindo. Kwa njaa aliyokuwa nayo, nikamwambia tuyachemshe. Akalishika lile pindo kwa mikono miwili.

"Apana, mama. Hii ni ya kupanda. Mungu atanipa udongo."

Nusu ameyapanda nyuma ya kibanda changu. Nilipomweleza ulichofanya, hakucheka wala hakukulaumu. Alifunga nusu iliyobaki nikutumie, akaniuliza taratibu:

"Kwenu nako vita imefika?"

Nenda shambani, Zakaria, nipate la kumwambia.

Dada yako anayekupenda na aliyekukasirikia sana,
Veronika