Kushoto kwa Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Nimekukasirikia, lakini shikamoo haina kosa, ipokee. Hujambo wewe, na wifi, na watoto? Kifua cha yule mdogo kimepona? Tulisikia baridi ya huko ilimkamata vibaya, na Mama alimwombea kabla hata ya kujiombea mwenyewe. Sisi tupo. Mgongo unanisumbua kwa kumwinua Mama na kuinamia kompyuta, ila nashukuru, bado nasimama.

Mama naye hajambo kiasi. Anaongea vizuri, anacheka, anatugombeza. Yaliyobaki ndiyo yaliyonifanya niandike, maana kwenye simu hunipi nafasi hata ya kumaliza neno.

Shangazi ameniambia unalalamika kwamba nimekutoa kwenye ile video ya Mama. Kwamba Mama alipoitazama hakukutaja kwa sababu mimi, kwa wivu wangu, nilikukata. Kaka, neno hilo limenichoma. Umo. Umo pale pale ulipotaka, juu kushoto, na hakuna aliyekugusa. Tulia usome mwenyewe, maana ukingoja kusimuliwa yatakufikia yameshatiwa chumvi.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akilalamika. Alisema simu inamletea watoto mmoja mmoja, kama wagonjwa wanaoingia kwa daktari, na yeye anataka kutuona tumekaa pamoja tukikatizana maneno kama zamani. Mimi nakula kwa kuhariri video za harusi za watu. Nikasema, nashindwaje kumfanyia mama yangu? Ninyi mlio mbali ni wanne, na skrini ukiigawa kati kwa wima, kisha kati kwa ulalo, unapata visanduku vinne vilivyo sawa. Kila mmoja na chake, wote mnamtazama kwa pamoja. Mimi sikuhitaji kisanduku, ananiona kutwa mpaka ananichoka.

Niliwaomba jambo moja tu: lazeni simu ubavu mnapojirekodi. Simu ikilala, picha inakuwa pana kama skrini yenyewe, na nikiipunguza inaenea kwenye kisanduku bila kukatwa. Dada Mwalimu aliegemeza simu yake kwenye vitabu vya wanafunzi akatulia mbele yake. Dereva alijirekodi ndani ya lori, injini inanguruma, lakini aliilaza. Mdogo wetu Mfamasia alirudia na kurudia mpaka uso ukakaa katikati. Wewe uliisimamisha. Ukatuletea video nyembamba kama mlango: geti jipya, gari jipya, wifi kwa nyuma, na wewe umesimama pembeni, uso hata hausomeki.

Video ya namna hiyo ukiitia kwenye kisanduku kipana una mawili. Ama uipunguze iingie yote, weusi ubaki pande zote mbili na mtu awe mdogo kama kidole. Ama uikuze ijae, na kinachozidi kikatwe. Mama macho yake si ya kijana, kwa hiyo nikachagua uso wako. Niliukuza mpaka ukalingana na nyuso za wenzako, nikashusha na kupandisha mpaka macho ya wawili wa juu yakawa kwenye mstari mmoja, na ya wawili wa chini vile vile, ungedhani mmekaa kwenye mabenchi mawili. Nilijisifu peke yangu pale ofisini. Geti lilikatika, ni kweli, na gari pia.

Ukawaka. Ukaandika kwenye kundi la familia, mbele ya wakubwa na wadogo, kwamba nimekudhalilisha na kumfuta mkeo. Nikarudisha geti, ukasema sasa uso hauonekani. Nikakuza kisanduku chako peke yake, Dada Mwalimu akauliza kwani yeye alizaliwa nusu. Nikavirudisha vyote sawa. Ndipo ukaja na hilo la kushoto: wewe ndiye kifungua mimba, na mtu akitazama skrini jicho huanzia juu kushoto, kwa hiyo kukuweka kwingine ni dharau. Pale alikuwa Dereva. Nikamhamishia kulia, naye akakubali, amezoea kupisha njia. Bado sauti. Wanne mkiongea kwa pamoja ni kama sokoni, nikawapangia zamu mpokezane, ukataka uanze wewe na umalize wewe.

Na muda wote huo Mama hajaonyeshwa hata salamu moja, kwa sababu ulitoa amri: "Asionyeshwe mpaka mimi niseme sawa."

Wote tukatii, ndivyo tulivyolelewa. Wanasema mkubwa ni jalala, hutupiwa kila kitu akavumilia. Wewe, Kaka, hukukubali kutupiwa hata unyoya. Mama akawa ananiuliza kila jioni, hiyo video inapikwa kwa kuni gani isiyoiva? Mimi namjibu bado kidogo, Mama, bado kidogo.

Uliposema sawa, kiharusi kilikuwa kimeshampitia. Asubuhi ile nilikupigia, ukauliza kama anaongea, nikasema anaongea, ukamshukuru Mungu ukakata simu. Ngoja basi nikueleze ambayo hukuyangoja. Daktari alisema macho ya Mama ni mazima. Kilichoumia ni ubongo, na kwa ubongo huo upande wa kushoto umekuwa kama haupo duniani. Si kwamba anaona giza. Hajui hata kama kuna upande wa kutazama. Anakula chakula cha kulia mwa sahani, anasema amemaliza. Nikiizungusha sahani, ananiuliza kwa nini namwongezea. Anachana nywele za kulia, za kushoto nazichana mimi. Ukimwamkia ukiwa kushoto haitikii, na jirani yetu fundi cherehani ameshatununia kwa hilo.

Siku nilipomwonyesha video nilikuwa na furaha mno, sikulifikiria hilo. Nilimvisha vizuri, nikamwekea mito, nikawasha ile uliyoipitisha wewe. Alimcheka Dereva na lori lake. Akamwambia Dada Mwalimu amekonda, ale. Wewe kila ulipoongea, mwanzo na mwisho, alisikia sauti yako, Kaka, na uso ukamchangamka. Akageuka kulia, akatazama mlangoni, akidhani umefika. Akangoja. Wewe ulikuwa mbele yake, juu kushoto, unamsalimia, na yeye anautazama mlango.

Mfamasia naye, chini yako, hakuonekana. Video ilipoisha Mama aliniuliza kwa upole, kama anayeogopa jibu, "Hawa wawili wamekuja. Wale wengine wamekataa?"

Nilikwenda uani nikalia mpaka nikaishiwa nguvu.

Usidhani niliishia hapo. Nimesogeza televisheni, nimegeuza kiti, anaacha kushoto kwake vile vile. Nimepanga upya visanduku, lakini kulia kuna nafasi mbili tu. Nikimleta mmoja, mwingine anahama na kupotea, na Mama anaanza kumuulizia huyo. Mwisho nikaona afadhali nivunje usawa wote, niwaonyeshe mmoja mmoja, skrini nzima. Ilipofika zamu yako nikaweka video yako kama ulivyoipenda mwenyewe, na geti lako na gari lako, hakuna kilichokatwa. Wewe umesimama kushoto. Mama alilitazama geti akalisifu sana. Kisha akaniuliza ni la nani.

Nakuapia sikucheka. Nilitamani ucheke wewe, ujione.

Yule dada anayekuja kumfanyisha mazoezi ya viungo ameniambia niache kuhangaika na kompyuta. Anasema picha haina mkono. Anayetakiwa ni mtu mwenyewe, akae kushoto kwa Mama, amshike mkono wa kushoto, amwite, ausugue ule mkono na kumwita tena, mpaka kichwa kigeuke. Taratibu ubongo unaweza kukumbuka kwamba kuna upande mwingine. Dereva aliposikia aliomba ruhusa kazini akaja. Alikaa kushoto siku nzima akiita, Mama anauliza nani anapiga kelele nje. Kesho yake mchana aligeuka. Polepole, kama mtu anayefungua mlango mzito, akamwona mwanawe akamshika shavu. Lijitu lizima lile, Kaka, lilivyolia, we acha tu. Mfamasia anakuja wiki ijayo, na Dada Mwalimu shule zikifungwa.

Wewe umempigia Shangazi kulalamika kuhusu video.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, wala haimgeuzi Mama kichwa. Nimekuwa mdogo wako mtiifu tangu naanza kutembea, na leo nakuambia bila kupepesa macho: uliutaka ukubwa, njoo uufanyie kazi. Daktari hajatuahidi kwamba kiharusi hakitarudi. Kikirudi kabla yako, atakuwa ameifuata sauti yako tu mpaka mlangoni, na mimi sitaweza kukuhariria hilo.

Nisalimie wifi, mwambie sina kinyongo naye na uso wake nilipenda uonekane. Wabusu watoto. Dereva, Dada Mwalimu na Mfamasia wanakusalimu, na Shangazi pia. Yeye mpe mwenyewe haya uliyoyasoma.

Usinitumie video nyingine, sitaifungua. Njoo ukae kushoto kwake, umshike mkono, umwite. Asipokuitikia, usinune. Mwite tena.

Mungu akufikishe salama, na akukutanishe naye angali anaweza kugeuka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kwa hasira hizi,

Mhariri wenu